MIZIGO IBEBWAYO NA MINARA YA SIMU

Siku hizi ni wilaya chache katika Afrika ya Mashariki ambazo msafiri aweza kupita kutwa nzima asione mnara wa simu umesimama juu ya kilima. Kwa minara hiyo watu hupeleka habari za ugonjwa na za misiba, hutumiana fedha, huuliza bei ya mazao, na kusikia sauti za jamaa zao walio mbali. Walakini tumeona ya kuwa watu wengi huitazama minara hii kama waitazamavyo miti ya msituni, wala hawajiulizi ni nguvu gani iisimamishayo, na ni nguvu gani itafutayo kuiangusha usiku na mchana. Kwa hiyo twataka leo kueleza habari hizi kwa taratibu. Mwenye kujua jinsi kitu kinavyosimama ndiye ajuaye pia jinsi kiwezavyo kuanguka, na mengine katika mambo hayo yamo mikononi mwetu sisi tukaao karibu na minara.

Minara ni ya namna mbili

Namna ya kwanza ni mnara usimamao kwa miguu yake mwenyewe. Una miguu mitatu au minne. Chini ni mpana na juu ni mwembamba, na miguu imefungamanishwa kwa vyuma vya mshazari. Mnara wa Eiffel ulioko Paris, mji mkuu wa Ufaransa, ni wa namna hii. Ulimalizika mwaka 1889, nao ulikuwa na urefu wa mita 300 hivi. Ruhusa yake ilikuwa ya miaka 20 tu, kisha ubomolewe. Lakini ulipoonekana kufaa sana kwa kazi ya simu ya upepo, ukaachwa, na hata leo umesimama.

Namna ya pili ni mlingoti ushikwao kwa kamba za chuma. Mtu wa pwani ataelewa upesi, kwa kuwa mlingoti wa chombo nao hauwezi kushindana na tanga peke yake bila kamba za kuushikilia. Mlingoti wa simu ni mwembamba toka chini hata juu. Kamba zake hutoka pande tatu, ngazi baada ya ngazi, na kila kamba hushuka hata kwenye nanga ya zege iliyozikwa ardhini. Kwa njia hii watu wameweza kupanda juu sana kwa chuma kichache. Katika jimbo la North Dakota, Marekani, mwaka 1963 ulisimamishwa mlingoti wa televisheni wa mita 628. Mnara wa mawasiliano usimamao kwa miguu yake haukuupita urefu huo mpaka ulipomalizika ule wa Tokyo, Ujapani, uitwao Skytree, mwaka 2012, wenye mita 634.

Basi mtu atauliza, ikiwa mlingoti wa kamba wataka chuma kichache, mbona hawajengi huo tu kila mahali? Jibu ni ardhi. Mlingoti wa mita 100 aghalabu nanga zake huwa mbali kiasi cha mita 70 toka kitako chake. Ukiziunganisha nanga tatu kwa mistari, utapata pembetatu ya mita za mraba 6,300 na zaidi, yaani zaidi ya ekari moja na nusu. Mnara wa miguu minne wa urefu uo huo, miguu yake ikiachana mita 10, hukalia mita za mraba 100 tu, pamoja na nafasi kidogo ya misingi na ua. Wazee wa kijiji waombwapo kiwanja, yafaa waulize kwanza ni namna ipi itakayojengwa.

Mzigo wa uzito

Mzigo wa kwanza ni uzito wa mnara wenyewe: vyuma, ngazi, antena, nyaya na taa. Mzigo huu hauna hila. Haubadiliki asubuhi na jioni, na mhandisi aweza kuuhesabu akiwa mezani kwake. Watu wengi hudhani mnara huanguka kwa kuwa ni mzito. Sivyo. Kwa mnara usimamao kwa miguu, uzito mara nyingi ni rafiki, maana huukandamiza chini na kuuzuia usipinduliwe. Adui aliye mkubwa ni upepo.

Mzigo wa upepo

Hewa yaonekana si kitu, lakini ina uzito wake, na iendapo mbio hupiga kama maji ya mto. Kanuni iliyo muhimu kupita zote ni hii: kasi ya upepo ikizidi mara mbili, msukumo wake hauzidi mara mbili bali mara nne. Tutoe mfano. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, uyumbishao matawi makubwa kidogo, husukuma kila mita moja ya mraba kwa nguvu ya kilo 6 hivi. Upepo wa kilomita 72 kwa saa husukuma kwa kilo 25. Na tufani ya kilomita 144 kwa saa husukuma kwa kilo 100. Basi mtu asiseme, Mnara wetu umevumilia upepo wa nusu ya tufani, kwa hiyo umepata nusu ya mtihani. Umepata robo tu.

Kwa sababu hii minara haifunikwi kwa mabati. Ukitundika mkeka uwanjani siku ya upepo, utachukuliwa. Ukitundika wavu wa samaki, upepo utapita katika matundu yake. Mnara wa vyuma vilivyofungamanishwa ni kama wavu. Hata umbo la vyuma latiwa hesabuni: chuma cha mviringo upepo hukizunguka kwa urahisi, bali chuma cha bapa huukinga na kupata msukumo mkubwa zaidi.

Tena upepo wa juu si sawa na upepo wa chini. Karibu na ardhi upepo huzuiwa na miti, nyumba na majani. Kadiri upandavyo ndivyo unavyozidi kasi. Na juu ya kilima upepo hukazana, kwa kuwa hewa iliyokuwa bondeni yalazimishwa kupita mahali pembamba. Nayo milima ndiyo mahali pafaapo kwa simu. Kwa hiyo mnara huwekwa makusudi palepale adui yake alipo na nguvu nyingi.

Sasa fikirini habari ya antena ziongezwazo. Sahani moja ya upana wa mita 1.2, ikipigwa na tufani ile tuliyoitaja, husukumwa kwa kilo 110 na zaidi. Hilo laonekana jambo dogo. Lakini sahani ikiwa juu mita 50, nguvu yake ya kupindua kule chini ni sawa na kilo 5,500 zilizotundikwa kwenye ncha ya boriti ya mita moja. Haba na haba hujaza kibaba. Kampuni ya pili ikija kuomba nafasi katika mnara wa kampuni ya kwanza, na ya tatu ikaja nyuma yake, haitoshi kusema mnara una nafasi. Sharti hesabu yote ifanywe upya tangu juu hata kwenye msingi.

Miguu na msingi

Mnara wa miguu unapopigwa na upepo, miguu ya upande utokako upepo huvutwa juu kama jino ling'olewalo, na miguu ya upande wa pili hukandamizwa. Walimu waweza kuwaonyesha wanafunzi hesabu hii ubaoni. Tuseme mnara una urefu wa mita 60 na miguu minne, nayo yaachana mita 6. Tuseme tufani yausukuma kwa tani 6, na tuihesabu nguvu hiyo kana kwamba imekusanyika katikati, mita 30 juu. Tani 6 mara mita 30 ni 180. Upepo ukija mbele ya ubavu, gawanya 180 kwa mita 6. Utapata tani 30, nazo zagawanywa kwa miguu miwili, kila mguu tani 15.

Walakini upepo haulazimiki kuja kwa ubavu. Ukija kwa pembe, mguu mmoja tu ndio uvutwao, na mmoja ulio mkabala nao ndio ukandamizwao. Toka pembe hata pembe ni mita 8.5 hivi. Gawanya 180 kwa 8.5, utapata tani 21 katika mguu mmoja. Hii ndiyo sababu wahandisi huupima upepo toka pande zote, kisha huchagua ule ulio mbaya kupita wote.

Tuendelee. Mnara huo ukiwa na uzito wa tani 12, kila mguu wapata tani 3 za kuusaidia kukaa chini. Ondoa 3 katika 21, zabaki 18. Nani atakayezishika tani hizo 18? Ni msingi. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa tani 2.4 hivi, kwa hiyo yatakiwa mita za ujazo saba na nusu chini ya kila mguu ili mizani ilingane tu, na wahandisi hawaridhiki na kulingana, hutaka ziada. Udongo ulio juu ya msingi nao husaidia kwa uzito wake. Basi mtu aonapo udongo ulioshindiliwa juu ya msingi, asidhani ni udongo wa kuchukua kwa kufyatulia matofali. Huo ni sehemu ya mnara.

Kamba za mlingoti

Katika mlingoti mambo ni mengine. Upepo ukivuma, kamba za upande utokako upepo hukazika, na zile za upande wa pili hulegea. Kila kamba ikivuta, huvuta kando na chini pamoja. Kamba iliyolala nusu kwa nusu kati ya wima na ardhi, ikivuta kwa kilo 10, huushika mlingoti kando kwa kilo 7 hivi, na tena huukandamiza chini kwa kilo 7 hivi. Mtu atasema, Saba na saba ni kumi na nne, nanyi mlisema kumi. Ndivyo ilivyo, maana nguvu za mshazari hazigawanywi kama fedha. Basi mlingoti wakandamizwa na uzito wake na tena na kamba zake zenyewe. Nao ukiwa mwembamba na mrefu waweza kupinda katikati kama fimbo ya henzirani mtu anapoiegemea kwa nguvu.

Kwa hiyo kamba hazikazwi kwa kukisia. Desturi ya wahandisi ni kuzikaza kiasi cha sehemu moja katika kumi ya nguvu ile iwezayo kuzikata. Zikilegea mno, mlingoti huyumba. Zikikazwa mno, huukandamiza mlingoti bure, na kamba zenyewe hutetema kama uzi wa zeze. Hata joto latazamwa, kwa sababu chuma hurefuka kwa joto na kufupika kwa baridi. Fundi mwema huandika joto la siku ile pamoja na kipimo cha kamba.

Barafu, na habari ya Emley Moor

Katika nchi za baridi kuna mzigo wa tatu, nao ni barafu. Kamba ya unene wa milimita 25 ikivikwa barafu ya milimita 25 pande zote, unene wake huwa milimita 75. Barafu hiyo ina uzito wa kilo tatu na nusu kwa kila mita ya kamba, na upepo wapata mahali pa kusukuma mara tatu kuliko kwanza. Kwetu sisi barafu hukaa Kilimanjaro, Kenya na Ruwenzori tu, lakini kisa kimoja cha Ulaya chatufundisha jambo litupasalo hata sisi.

Emley Moor ni mahali pa mwinuko kaskazini mwa Uingereza. Hapo ulisimama mlingoti wa televisheni wa mita 385, sehemu yake kubwa ikiwa bomba la mviringo la chuma. Tarehe 19 Machi mwaka 1969, jioni, ulianguka. Kamba zake zilipoanguka zilikata kanisa dogo lililokuwa karibu, walakini hapana mtu aliyeumia. Barafu nyingi ilikuwa imeshika mlingoti na kamba. Lakini jambo lililowashangaza watu ni kwamba siku ile hapakuwa na tufani. Upepo ulikuwa wa kadiri tu.

Wachunguzi walieleza sababu yake. Upepo upitapo kando ya nguzo ya mviringo hufanya vizingia nyuma yake, mara kushoto mara kulia, kama maji yafanyavyo nyuma ya upondo uliochomekwa mtoni. Kila kizingia huivuta nguzo kidogo. Sasa kumbukeni mtoto katika bembea: ukimsukuma ovyo, haendi mbali, ukimsukuma kwa wakati wake mwenyewe, kidogo kidogo, mwisho hupanda juu sana. Ndivyo upepo mdogo ulivyouyumbisha mlingoti kwa wakati wake mwenyewe, huku barafu imeulemea, hata ukavunjika. Milingoti mingine miwili ya aina ile ile, ya Belmont na Winter Hill, ikatiwa minyororo mizito ndani yake ili kutuliza kuyumba. Na pale Emley Moor ukajengwa mnara wa zege usimamao wenyewe, wa mita 330, ulioanza kazi mwaka 1971.

Basi kisa hiki chatuonya ya kuwa haitoshi kuuliza, Je, mnara utavumilia upepo mkuu? Sharti tuulize pia, Je, utavumilia upepo mdogo uvumao kwa wakati wake?

Mlingoti wa Konstantynów

Kisa cha pili ni cha Poland. Karibu na kijiji cha Konstantynów ulimalizika mwaka 1974 mlingoti wa redio wa mita 646, na wakati ule hapakuwa na kitu kilichojengwa na binadamu duniani kilichoupita urefu. Tarehe 8 Agosti mwaka 1991 uliinama, kisha ukavunjika na kuanguka. Si barafu wala tufani iliyouangusha. Mafundi walikuwa wakibadili kamba zake. Mlingoti ni kama mtu ashikwaye na rafiki watatu, kila mmoja akimvuta kwake. Akiachiwa na mmoja, hao wawili waliobaki ndio watakaomwangusha, ingawa hawakumtakia mabaya. Kwa hiyo kazi ya kubadili kamba ina hesabu zake peke yake, na kabla kamba ya zamani haijalegezwa lazima iwepo nyingine ya kushika mahali pake.

Upepo wa miaka hamsini

Mtu aweza kuuliza, wahandisi huchagua upepo gani wa kuupimia mnara? Hutazama maandiko ya miaka mingi ya vituo vya hali ya hewa, kisha huchagua upepo mkali ambao kwa wastani hutokea mara moja katika miaka 50, au zaidi kwa minara iliyo muhimu sana. Lakini neno hili lisifahamike vibaya. Si kwamba ukiisha kuvuma utapumzika miaka 49. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna bahati moja katika hamsini ya kuvuma, na katika muda wa miaka 50 bahati ya kuvuma mara moja au zaidi ni 64 katika mia. Watu wa Unguja walipigwa na dhoruba mwaka 1872 iliyong'oa mikarafuu yao mingi sana. Na mwezi wa Machi mwaka 2019 tufani iitwayo Idai iliupiga mji wa Beira, Msumbiji, na mawasiliano ya simu yakakatika saa ile ile watu walipoyahitaji kupita siku zote. Hapo ndipo ionekanapo faida ya hesabu iliyofanywa vema, na hasara ya iliyofanywa kwa haraka.

Yatupasayo sisi

Hesabu ni kazi ya wahandisi, lakini mnara hukaa miaka mingi pamoja na wanakijiji, na mhandisi huja mara chache. Kwa hiyo twawaomba machifu, wazee na walimu wawafundishe watu mambo haya.

Kwanza, chuma cha mshazari kikitolewa mnarani, hata kimoja, miguu hupoteza kifungo chake nayo yaweza kupinda. Mtu achukuaye chuma hicho kwa kutengeneza kitanda au lango ahatarisha nyumba zote zilizo karibu. Na bolti moja ikitolewa, chuma kizima ni kama hakipo.

Pili, kamba za mlingoti zisifungwe ng'ombe wala mbuzi, zisianikwe nguo, wala majani yasichomwe moto chini yake.

Tatu, mtu asichimbe udongo wala mchanga karibu na nanga au misingi, na mvua ikikata mfereji karibu nayo, habari ipelekwe upesi.

Nne, watoto wasipande. Uzito wao si kitu kwa mnara, bali mnara ni hatari kwao.

Tano, mtu akiona kamba imelegea kuliko wenzake, au uzi wake mmoja umekatika, au kutu imekula chuma, au mnara umeinama, asingoje baraza la mwezi ujao. Na amwambie mkubwa wa kijiji siku ile ile, naye awaarifu wenye mnara. Katika minara mingi kuna kibao langoni chenye namba ya simu; walimu waiandike namba hiyo mahali pa salama. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa wa mnara hauzibwi baada ya tufani kufika.

Mwisho, kampuni ijapo kuomba kiwanja, wazee wana haki ya kuuliza kwa adabu: Mnara ni wa namna gani? Umepimiwa upepo wa kasi gani? Nyumba ya karibu ipo mbali mita ngapi, na mnara una urefu wa mita ngapi? Nani atakayekagua kamba na bolti, na kila baada ya muda gani? Mwenye mnara aliyefanya kazi yake vema hatachukizwa na maswali hayo, kwa kuwa majibu yake anayo tayari.